Walamba Chumvi: Mwongozo Kamili wa Kubuni Genge Lenye Heshima Katika Riwaya ya Kifantasia

Nikifungua hadithi ya sehemu-sehemu yenye genge la wezi, mara nyingi namkuta jamaa yule yule. Kavaa joho jeusi, kaketi gizani, anasema kwa sauti nzito kwamba "sisi tuna heshima yetu". Sehemu ya tatu anamuua mtumishi kwa kumwaga chai. Sehemu ya kumi na mbili anamwachia shujaa aliyemsaliti aende zake, na msomaji anaambiwa kuwa hiyo ndiyo heshima. Kwa nini chai inaua na usaliti unasamehewa, mwandishi mwenyewe hajui.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka genge ambalo msomaji ataliogopa, atalitamani kidogo, kisha ataona haya kwa kulitamani. Nitajenga mfano mmoja hatua kwa hatua: mji wa kubuni uitwao Mvumoni, na genge lake, Walamba Chumvi. Mbinu nitaziazima kwa magenge ya kweli: Sicily, Japani, Urusi, Hong Kong na Baghdad ya makhalifa. Waandishi wengi huazima kwa wenzao wa fantasia, ndiyo maana magenge yao yote yanafanana.

Hatua ya kwanza: tafuta kesi ambayo kadhi haipokei

Kiapo, chale na majina ya kutisha viache kwanza. Anza na biashara. Genge lenye heshima huzaliwa pale watu walipo na mali ya kupoteza lakini hawana pa kushtaki.

Tazama Sicily ya karne ya 19. Ukabaila ulifutwa kisiwani mwaka 1812, ardhi ikaanza kuuzwa na kununuliwa, ila askari na mahakama za kuilinda hazikutosha. Wakati huo malimau ya mashamba yanayozunguka Palermo yalikuwa yanatafutwa sana ng'ambo, kwani mabaharia walikwishajua kuwa yanazuia kiseyeye. Mlimau ni mti wa gharama. Unaungoja miaka kabla haujazaa, unataka maji kiangazi chote, na mwizi mmoja mwenye gunia anaweza kuvuna usiku mmoja ulichokihangaikia mwaka mzima. Mwenye shamba akahitaji mlinzi. Mlinzi naye akatambua kwamba asiyelipa huibiwa, na kama haibiwi, anaweza kusaidiwa aibiwe.

Sasa njoo Mvumoni. Vyombo vya hapa havingoji kusi wala kaskazi. Upepo hununuliwa kwa majini wa mlimani, ukafungwa ndani ya vibuyu. Nahodha ananunua vibuyu sita, anafika katikati ya maji, anafungua cha nne: hakuna kitu. Akirudi hai aende kwa kadhi? Kadhi wa Mvumoni ana hukumu ya kale isemayo kuwa upepo hauna mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hakiuzwi, kwa hiyo hakuna kilichoibwa. Kesi imekwisha kabla haijaanza.

Walamba Chumvi wameingia kwenye ufa huo. Wao hupima kibuyu, hukiziba kwa lakiri yao, na hukidhamini. Chenye lakiri kikikutwa kitupu, wanamlipa nahodha, kisha wanamtembelea muuzaji. Kwa hiyo mji hauwezi kuwafukuza. Wakiondoka leo, kesho hakuna chombo kitakachong'oa nanga.

Kabla hujaendelea, jaribu kumaliza sentensi hii kuhusu genge lako: "Watu wa mji huu wangepata taabu bila sisi kwa sababu…" Ikikushinda, ulichonacho ni kundi la majambazi. Majambazi si vibaya, ila hawahitaji mwongozo huu.

Hatua ya pili: sheria ziwe chache, na kila moja iwe na sababu

Mwezi Novemba 2007 polisi wa Italia walimkamata Salvatore Lo Piccolo, mkubwa wa mafia, genge la Sicily, karibu na Palermo. Katika karatasi zake walikuta orodha ya amri kumi zilizopigwa taipu. Mtu angetarajia maneno makubwa kuhusu damu na ujasiri. La. Asijitambulishe mtu mwenyewe kwa mwenzake. Lazima awepo wa tatu wa kuwatambulisha. Msitazame wake za wenzenu. Msionekane na polisi. Msishinde kwenye mabaa. Mkiitwa mje, hata kama mke yuko karibu kujifungua. Miadi iheshimiwe. Fedha za wenzenu msizichukue.

Zisome kama mfanyabiashara, utaona hekima yake. Sheria ya mtu wa tatu ni kinga dhidi ya mpelelezi anayejifanya mwenzenu. Sheria ya wake za wenzenu ni kinga dhidi ya ugomvi ambao hauna faida. Mabaa yana pombe, na pombe ina mdomo. Heshima hapa ni tahadhari iliyovikwa nguo za Ijumaa, na ndivyo inavyopaswa kuwa kwenye riwaya yako. Mwanachama anaamini kuwa ni heshima. Wewe mwandishi unajua kuwa ni tahadhari. Nafasi iliyopo kati ya hayo mawili ndimo hadithi inamokaa.

Jina la genge langu nimelitoa kwenye kisa cha kale. Kuanzia karne ya 9 Baghdad na miji ya Uajemi ilikuwa na makundi ya mtaani yaliyoitwa ayyarun: wezi kwa wengine, walinzi wa mtaa kwa wengine, na wakati mwingine jeshi. Baghdad ilipozingirwa mwaka 812 hadi 813 walipigana karibu uchi, kofia zao za makuti. Mmoja wa ayyarun wa Sistan, jimbo la mashariki mwa Uajemi, Yaqub bin Layth, mfua shaba, alianzisha dola yake mwaka 861. Husimuliwa kwamba siku za wizi wake (wengine husema ni baba yake) aliingia hazina ya mtawala usiku, akaona kitu kinang'aa gizani. Akadhani ni kito. Akakigusa kwa ulimi: chumvi. Basi akaacha kila kitu pale pale, akatoka mikono mitupu, kwa kuwa amekwishaonja chumvi ya mwenye nyumba.

Kisa hiki nakipenda kwa sababu kinamgharimu mwizi. Hazina yote imepotea kwa ncha ya ulimi! (Na sisi Waswahili tukisema mtu amekula chumvi nyingi tunamaanisha ameishi sana. Mvumoni msemo huo una maana mbili, na wazee wa genge huucheka.)

Sheria za Walamba Chumvi basi ni hizi, na sitaongeza ya sita. Ukionja chumvi ya nyumba, huibi humo wala humdhuru mtu wa humo. Lakiri ni neno letu. Ikidanganya, tunalipa kabla jua halijatua. Hakuna kujitambulisha mwenyewe. Mjane wa mwenzetu halali njaa. Na mwisho, hatusimami mbele ya kadhi, si kushtaki, si kushuhudia.

Pitia kila sheria uliyoandika na uiulize maswali mawili: inamwokolea nani fedha au shingo, na inamgharimu nani? Isiyomgharimu mtu ni pambo. Ifute.

Hatua ya tatu: kiapo, na shida ya uchawi

Huku Palermo, anayeingizwa hutobolewa kidole, damu ikadondoshwa kwenye picha ya mtakatifu, picha ikawashwa moto na kuchezewa viganjani huku akiapa. Japani, mkubwa na mdogo hunywa sake, pombe ya mchele, kwa kikombe, na kuanzia hapo ni baba na mwana, oyabun na kobun. Wale wa Hong Kong wana viapo 36 vya kurithi. Khalifa al-Nasir wa Baghdad, aliyetawala 1180 hadi 1225, alipouweka chini yake udugu wa futuwwa uliokuwa umechanganyika na mambo ya ayyarun, wanaoingia walivishwa suruali maalumu na kunyweshwa maji ya chumvi.

Nasi hatuna haja ya kwenda mbali. Kuchanjiana tunakujua: watu wawili wasiozaliwa tumbo moja wanachanjwa, wanaonjana damu, wanakuwa ndugu. Buganda na Buhaya damu hiyo ilipakwa kwenye mbegu za buni zilizotoka katika tunda moja, kila mmoja akala ya mwenzake. Mbegu mbili ndani ya ganda moja! Sijui mwandishi wa fantasia anayeweza kubuni ishara nzuri kuliko hiyo kwa kukaa tu mezani. Na aliyepita jandoni anajua kazi ya kumbi: unatengwa, unatishwa, unafundishwa nyimbo ambazo wa nje wakizisikia hawaambulii kitu, unarudi nyumbani na siri ambayo wenzako wa rika wanayo na mdogo wako hana. Somo langu ni kwamba uingizaji mzuri una aibu kidogo, maumivu kidogo, na maneno ya fumbo ambayo mwanachama atayaelewa miaka kumi baadaye.

Kwa Walamba Chumvi nimechagua kitu kidogo. Mzee anaweka chumvi kwenye kiganja chake, mgeni anailamba. Kisha mgeni anaweka chumvi kwenye kiganja chake yeye, na mzee, kwa umri wake wote, anainama na kuilamba. Hapo kijana hulia. Hakuna aliyewahi kumwinamia.

Sasa uchawi. Ukiwa na majini na hirizi mkononi, kishawishi ni kukifanya kiapo kijilinde chenyewe: anayevunja anageuka jiwe, ulimi unaoza, nyoka anatoka kwenye kikombe. Usifanye hivyo. Mtu asiyeweza kusaliti hana heshima yoyote; ana kamba shingoni tu. Mimi nimemhukumu mtunzi mmoja kuandika upya sura saba kwa kosa hili, na alinuna mwezi mzima. Kama lazima uchawi uwepo, uache ushuhudie bila kuadhibu. Mvumoni, chumvi iliyolambwa huacha doa jeupe kiganjani, nalo huwa jeusi mtu akivunja neno. Halimuumi. Linaonekana tu. Kuanzia hapo kazi yote ni ya binadamu: nani atataka kuliona, nani atajifanya hakuliona, nani atavaa glavu.

Hatua ya nne: vyeo

Hii ipite haraka. Wasomaji hukumbuka vyeo vinne, si kumi na vinne. Magenge ya Hong Kong huita vyeo vyao kwa namba, 489 kwa mkuu, 426 kwa mpiganaji, 49 kwa mwanachama wa kawaida, na ubaridi wa namba hizo unatisha kuliko "Bwana wa Giza". Mimi nimetumia majina ya nyumbani: Mshika Chungu anatunza mfuko wa pamoja, Mshika Lakiri anapima vibuyu, Mpiga Hodi ndiye anayetumwa kwa wadaiwa, na waliobaki ni Watoto. Hakuna mfalme. Mfuko ndio wenye nguvu, kama kikoba chochote.

Hatua ya tano: adhabu ifanane na kazi

Japani mwanachama aliyekosa hujikata kiungo cha mwisho cha kidole kidogo cha mkono wa kushoto, akakifunga na kumpelekea mkubwa wake. Maelezo ya kale ni kwamba kidole kile ndicho kinachokaza mpini wa upanga. Aliyekipoteza anapigana vibaya zaidi, hivyo anawategemea wenzake zaidi. Kosa linamfunga kwenye genge badala ya kumtoa. Hebu ona akili iliyomo humo! Kumuua mtu ni kupoteza mtu.

Walamba Chumvi humnyima mkosaji chumvi. Neno likipita, kila mama ntilie wa bandarini anampakulia chakula kisicho na chumvi, kila nyumba anayokaribishwa mchuzi ni maji matupu. Hakuna anayemtukana wala kumgusa. Kwa wiki moja ni mzaha. Mwezi wa tatu anaanza kulia juu ya sahani ya wali. Adhabu hii inahitaji mji mzima ushiriki, kwa hiyo inamwonyesha msomaji ukubwa wa genge bila wewe kutaja idadi ya wanachama.

Adhabu ya kifo nayo iwepo. Itumie mara moja katika kitabu kizima.

Hatua ya sita: mpe sura anayelipa

Hapa ndipo riwaya nyingi za aina hii hudanganya. Genge linaonyeshwa likiwapa maskini unga, na bei haionekani. Tetemeko lilipoupiga mji wa Kobe, Japani, mwezi Januari 1995, kundi la Yamaguchi-gumi, ambalo makao yake yako mjini humo, liligawa maji na chakula mapema, na watu walikumbuka. Ni kweli. Na ni kweli pia kuwa kundi hilo hilo liliishi kwa kukamua watu. Yote mawili yaweke kwenye ukurasa mmoja. Wahenga walikwishasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na sijaona maelezo bora ya biashara ya ulinzi. Linakula. Linakuachia kiasi cha kuota tena.

Namna ya kuonyesha ni mazungumzo. Mhalifu mwenye heshima hatishi, anasalimia. Mpiga Hodi wangu ni kijana mpole wa miaka ishirini na mbili, na hii ni ziara yake kwa bibi muuza kamba za vyombo aliyekosa malipo miezi miwili:

— Hodi, wenyewe.

— Karibu.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba. Mtoto wa nani wewe?

— Wa hapa hapa, bibi. Nimetumwa nikujulie hali. Wazee wamesikia paa lako linavuja.

— Halivuji.

— Alhamdulillahi. Basi nitawaambia bado halijaanza.

Bibi akamtazama. Akainuka, akaenda kwenye kasha. Aliporudi alikuta kijana amekwisha kumpangia kamba zake vizuri ukutani, kubwa chini, ndogo juu.

Angalia alichokikataa: bibi hakumpa hata maji. Angeyatia chumvi na kumnywesha, sheria ya kwanza ingemfunga kijana asirudi. Bibi hajui sheria hiyo. Msomaji anaijua. Sura ya kumi na tano jirani atamnong'oneza, na bibi atapika.

Hatua ya saba: zigonganishe sheria

Genge likishasimama, hadithi hutokea pale sheria mbili zinapotaka vitu viwili kwa mtu mmoja. Mfano mkali kuliko yote naujua kutoka kambi za kazi za Urusi ya Kisovieti. Wezi walioitwa vory walikuwa na mwiko wa kuitumikia dola kwa lolote. Vita vya pili vya dunia vilipokuja, baadhi walikubali kushika bunduki wapigane na Wajerumani. Waliorudi kambini baada ya vita walikuta wenzao wamewatoa kwenye udugu na kuwapa jina la tusi, suki, majike ya mbwa. Wakauana humo kambini mpaka karibu mwaka 1953. Aliyeitetea nchi yake ndiye msaliti. Aliyekaa gerezani akicheza karata ndiye mwaminifu. Hakuna upande ambao msomaji anaweza kuushika bila kuungua.

Mvumoni: chombo kinazama kwa kibuyu kitupu chenye lakiri halali. Nahodha amekufa. Mjane anakataa fidia na kwenda kwa kadhi mpya, ambaye ameifuta hukumu ya upepo. Shahidi pekee aliyeona kibuyu kikizibwa kitupu ni Mpiga Hodi wetu, na kijana huyu amelelewa kwa mjane huyo, amekula chumvi yake tangu utotoni. Akinyamaza anamdhuru mtu wa nyumba aliyoonja chumvi. Akisema, amesimama mbele ya kadhi. Doa litakuwa jeusi vyovyote atakavyofanya.

Usimtafutie mlango wa nyuma. Usilete jini wa kusema ukweli wala barua iliyofichwa. Muache achague.

Hatua ya nane: heshima ioze kuanzia juu

Swali moja bado: nani alikiziba kibuyu kitupu? Si mwanafunzi. Ni Mshika Chungu mwenyewe, kwa sababu mfuko ulikuwa unakauka na wajane ni wengi. Sheria ya nne ndiyo iliyoivunja ya pili.

Magenge ya kweli hujidai kuwa hayawagusi watoto. Mwaka 1993 huko Sicily mtoto wa miaka 12 alitekwa ili baba yake, aliyekuwa ameanza kusema mbele ya waendesha mashtaka, anyamaze. Alishikiliwa zaidi ya miaka miwili, akauawa Januari 1996, mwili wake ukayeyushwa kwa asidi. Walioamuru hilo walikuwa wakubwa wenye sifa zote za heshima. Na Tommaso Buscetta, aliyeanza kumweleza hakimu Giovanni Falcone siri za Cosa Nostra, yaani mafia ya Sicily, mwaka 1984 baada ya wanawe wawili kutoweka, hakukubali kuitwa msaliti. Kwa maelezo yake, wenzake ndio walioisaliti sheria ya zamani. Labda aliamini. Labda aliihitaji sheria hiyo ili aweze kulala. Mhusika wako mzee awe na hadithi kama hiyo kuhusu enzi njema zilizopita, na wewe usimwambie msomaji kama enzi hizo ziliwahi kuwepo.

Kuna na kuoza kwa pole pole, ambako waandishi hukusahau kwa kuwa hakuna damu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wanachama wa yakuza, magenge ya Japani, walikadiriwa kuwa 184,000. Sheria ya kuwabana ikaanza kutumika mwaka 1992, kisha masharti yakaongezwa mpaka mwanachama hawezi kufungua akaunti ya benki, na aliyeacha husubiri miaka 5. Leo hawafiki 25,000, wengi wao wazee. Jaribu kuandika hilo kifantasia: Mshika Lakiri mwenye miaka sabini, doa jeupe lingali safi kiganjani, amepanga foleni kwenye ofisi ya kadhi mpya ili apate kibali cha kuuza vibuyu, na karani aliye mdogo kuliko mjukuu wake anamuuliza kazi yake ya zamani ilikuwa ipi.

Kabla hujaanza sura ya kwanza

Andika ukurasa mmoja ambao hautaingia kitabuni. Wanachama watatu wanakula usiku baada ya kazi. Hakuna kisu, hakuna uchawi, hakuna anayetaja genge wala neno "heshima". Wanagombania nani alipe samaki. Kisha mpe mtu asome na umuulize nani mkubwa wao, nani anaogopa, na nani amewahi kunyimwa chumvi. Akijibu mawili kati ya matatu, anza kuandika. Akikuuliza wale ni wavuvi wa wapi, rudi hatua ya pili.